Ukikuta ajali njiani: upite, usimame au upakie?

Matawi mabichi kwenye lami. Dereva yeyote wa masafa anaisoma lugha hiyo bila kufundishwa: mbele kuna lori limekufa, au kuna jambo kubwa zaidi. Yakiwa makavu na yamesagwa na matairi, habari ni ya jana. Yakiwa bado yana utomvu, unapunguza mwendo, mwenzako anazima redio, na kabla hujamaliza kona swali limeshakukaa kooni: nisimame au nipite?

Nimeendesha kati ya Dar na Iringa kwa miaka kumi na moja, kwanza na pikapu ya mizigo, sasa na Noah ya familia. Swali hilo nimelijibu kwa namna tatu, na mara mbili nimelijibu vibaya. Tunapolizungumza vijiweni huwa tunafanya majibu mawili tu: ama wewe ni msamaria mwema, ama una roho mbaya. Lakini njia ni tatu. Unaweza kupita na kutoa taarifa. Unaweza kusimama, ukalinda eneo na kutoa huduma ya kwanza papo hapo. Au unaweza kumpakia majeruhi na kumkimbiza hospitali. Hizi si ngazi kwamba ya chini ni ya mwoga na ya juu ni ya shujaa. Kila moja ina saa yake na mtu wake.

Jambo moja tuliweke kando mapema. Hapa nazungumza na dereva mpita njia. Kama ajali inakuhusu wewe, huna cha kuchagua: Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame, usaidie na utoe taarifa polisi.

Nitazipima njia zote tatu kwa vipimo vilevile. Cha kwanza ni usalama wako na wa uliowabeba, maana ukigongwa wewe, majeruhi wameongezeka. Cha pili ni kile anachokipata majeruhi, tofauti na vile utakavyojisikia wewe. Cha tatu ni watu na polisi: nani atakuuliza nini. Cha nne ni muda na pesa, ambavyo tunaona aibu kuvitaja ingawa ndivyo vinavyoamua mara nyingi.

Kupita na kutoa taarifa

Kwa usalama wako, hakuna inayoishinda. Usiku, uko peke yako, umeona pikipiki imelala katikati ya barabara na mtu kando yake, hakuna nyumba wala taa: wote tumesikia za majambazi wanaotega magogo, na za "majeruhi" anayeamka akiwa na panga. Mara nyingi aliyelala pale ni majeruhi kweli. Wewe kwenye usukani huna namna ya kujua kwa sekunde nne, na si dhambi kusimama mbele penye taa na watu.

Ipo ajali moja ambayo kwangu kupita ndiyo njia pekee: lori la mafuta lililopinduka. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka, wananchi wakaenda kuchota, likalipuka. Sachangwan nchini Kenya ilikuwa vivyo hivyo tarehe 31 Januari 2009, na Sange, mashariki mwa Kongo, tarehe 2 Julai 2010, ambako walikufa zaidi ya 200. Mvuke wa petroli hautofautishi mwenye dumu na mwenye nia njema. Ukikuta hali hiyo kaa mbali, upande ambao upepo unatoka, zuia magari mengine yasisogee, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Basi.

Majeruhi anapata nini? Anapata kile tu kilichomo kwenye taarifa yako. "Kuna ajali huku mbele ya Mikumi" haimsaidii mtu. Taja nguzo ya kilomita iliyo kando ya barabara, au kijiji ulichokipita na kile unachokiendea. Sema magari mangapi, ya aina gani, kama kuna aliyebanwa, kama kuna moto, kama njia imefungwa. Namba ya polisi ni 112. Ukiwa Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa huko hupatikana kwa 1199. Ukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi mtandao unakukimbia, kwa hiyo unapeleka taarifa kwa mdomo: ukielekea Dar unawaambia watu wa Doma, ukielekea Iringa unawaambia Mikumi mjini. Simama kwenye kizuizi cha kwanza cha trafiki na ushuke garini. Ukisemea dirishani huku gari linatembea, trafiki atadhani unalalamikia tochi yake ya kupima mwendo.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapa. Nilikuta fuso limeingia mtaroni, watu kama sita wamesimama, wengine na simu mkononi. Nikasema moyoni, hawa wameshapiga. Niliporudi baada ya saa mbili, dereva alikuwa bado amebanwa miguu na watu walikuwa thelathini. Kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Zile simu nilizoziona zilikuwa za kupigia picha. Siku hizi ninauliza kwa sauti, kioo kikiwa chini: "Nani amepiga simu, na amempata nani?" Asipojitokeza mtu, ninapiga mimi.

Kwa upande wa polisi, unabaki sauti kwenye simu, pengine utapigiwa uelekeze. Muda ni dakika kumi. Pesa hakuna.

Inawafaa walio peke yao usiku, waliobeba watoto wadogo, na yeyote anayefika akakuta wasaidizi wanatosha, maana gari la kumi na moja pale linakuwa kizuizi tu. Nchini Ujerumani, kumpita mtu mwenye shida bila kumsaidia ilhali ungeweza ni kosa la jinai, lakini hata huko, kama kusogea ni hatari kwako, kuita msaada kunahesabika kuwa msaada. Tusiidharau njia hii. Tuifanye tu kikamilifu.

Kusimama na kulinda

Hii ndiyo njia tunayoisahau, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ilikuwa mchana, mwezi wa tisa, kilomita chache kabla ya Ruaha Mbuyuni. Kijana wa bodaboda alikuwa amekwanguliwa na gari lililokwisha kimbia. Paja limepasuka, damu inatoka kwa kusukumwa, siyo kwa kuchuruzika. Mama muuza vitunguu alivuka barabara akiwa tayari anajifungua khanga kiunoni, chini amevaa sketi, akanitupia. Niliikunja mara nne, nikaiweka juu ya jeraha na kukandamiza kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wote wa mwili. Khanga ilipolowa sikuibandua. Mama alileta ya pili tukaiweka juu ya ile ya kwanza. Utingo wa lori moja alikuwa amevua shati na kukimbia nyuma kwenye kona analipeperusha, mwenzake anavunja matawi. Tulikaa hivyo dakika arobaini. Mikono ilitetemeka mpaka kesho yake, lakini kijana alipakiwa akiwa anaongea.

Mtu mzima ana damu kama lita tano hivi. Mshipa mkubwa ukikatika, dakika ndizo zinazohesabiwa, na hakuna gari, liwe lako au la wagonjwa, linaloweza kuzishinda dakika hizo. Mkono unaokandamiza pale pale unaweza. Pumzi ni hivyohivyo: aliyepoteza fahamu lakini anapumua, ukimwacha chali, ulimi na matapishi vinaweza kumziba. Mgeuze kwa ubavu taratibu, kichwa na mwili vikizunguka pamoja. Kofia ya pikipiki usiivue kama anapumua vizuri. Kilichomchoma kikabaki mwilini, chuma au kioo, usikichomoe. Na atatokea mtu na soda, hatakosekana, tena ataifungua kwa meno. Usimruhusu. Anayeelekea chumba cha upasuaji hanyweshwi kitu.

Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni huko Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Miongoni mwa waliofika mapema kabisa walikuwa wahudumu wa kujitolea kutoka Marekani, wa shirika la STEMM, waliokuwa wanapita zao kwa gari. Walisimama. Baadaye watoto wale watatu walipelekwa Sioux City kwa matibabu na wakarudi nyumbani. Wapita njia wale walikuwa na utaalamu, kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya dakika za mwanzo ni kupapasa shingoni, kusikiliza pumzi na kukandamiza damu, na hayo unafundishwa kwa siku chache na Msalaba Mwekundu.

Hatari ya njia hii ni ajali ya pili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Pembetatu uliyoiweka hatua kumi nyuma ya gari ni pambo. Ukitembea hatua mia moja, tuseme mita 75, umempa dereva anayekuja sekunde tatu na ushei, na kama kuna kona, isogeze mpaka kabla ya kona. Ndiyo maana yule utingo aliyekimbia na shati lake alifanya kazi kubwa kuliko mimi niliyeshika paja. Gari lako liegeshe mbele ya ajali, nje kabisa ya lami, hazadi zikiwaka, tairi za mbele zimekatwa kuelekea porini ili likigongwa lisiwarudie watu. Abiria wako washuke upande wa majani na wakae mbali. Zima injini za magari yaliyogongana. Sigara hapana.

Watu sasa. Eneo la ajali lina makundi mawili, wanaokuja kuokoa na wanaokuja kuokota. Wa pili huwa wepesi zaidi. Simu, pochi, mzigo wa lori, hata viatu vya marehemu nimeona vikivuliwa. Usipambane nao. Mpe mzee mmoja wa pale, au mama mwenye sauti, kazi ya kukusanya mali mahali pamoja mbele ya watu, na mara nyingi aibu inatosha. Wewe mwenyewe piga picha moja kabla hujagusa chochote: bampa na taa za gari lako, na ajali nyuma yake. Sura za majeruhi usipige. Mama yake asimwone mwanaye kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapigiwa simu.

Trafiki akifika atakuuliza ulichokuta, ataandika jina na namba. Ikibidi utaitwa kuandika maelezo. Kwa muda, hesabu saa moja hadi mbili. Kwa pesa, hesabu khanga ya mama wa watu, ambayo kwa heshima unamrudishia mpya.

Njia hii inamfaa mwenye mwanga wa mchana, mwenye wenzake garini, au mwenye vifaa: glavu, pembetatu mbili, koti la kuakisi mwanga, tochi ya kuvaa kichwani. Inamfaa pia dereva wa basi. Hawezi kupakia majeruhi juu ya abiria hamsini, lakini ana kondakta, na pengine kuna muuguzi kwenye kiti cha 14 ambaye hajaulizwa.

Kumpakia na kwenda

Kwenye barabara nyingi za kwetu, ambulansi ya kwanza ni gari lililotokea. Kama uko mbali na mji na hakuna anayekuja, kumpakia si ushujaa, ni hesabu tu. Ndiyo maana dereva wa masafa anapaswa kuzijua hospitali za njia yake kwa mpangilio kama anavyojua vituo vya mafuta: ukitoka Dar kuna Tumbi pale Kibaha, kuna za Morogoro mjini, kuna St. Kizito Mikumi, kuna Ilula ukishapanda Kitonga.

Lakini kwa majeruhi, hii ndiyo njia inayoweza kuokoa sana na kuharibu sana. Mtu aliyevunjika pingili za shingo, akibebwa mikono na miguu kama gunia la mahindi, anaweza kupooza mikononi mwa watu wanaompenda. Analalamika shingo au mgongo? Hahisi miguu? Kama mahali ni salama na gari la wagonjwa linakuja, mwacheni alale, mmoja amshike kichwa kisitikisike. Gari likishika moto, hapo hakuna mjadala, mtoeni. Mkilazimika kumbeba, tafuteni ubao, au shuka imara ya kushikwa na watu wanne au zaidi, na mtu mmoja kazi yake iwe kichwa tu, ndiye anayehesabu "moja, mbili, tatu". Pikapu yenye godoro au Noah iliyokunjwa viti vya nyuma inamlaza mtu akanyooka. Kwenye Vitz atakaa amejikunja, na aliyevunjika paja au mgongo hafai kukunjwa.

Halafu dereva anashikwa na wazimu. Hazadi, honi, kilomita 140, anapita kwenye kona. Anatafuta ajali nyingine. Tofauti ya 80 na 120 kwa kilomita 20 ni dakika tano. Kama kuna mtu nyuma anakandamiza jeraha, dakika tano hizo unazo.

Kwenye kipimo cha watu na polisi, njia hii ndiyo nzito kuliko zote, na hapa ndipo kosa langu la pili lilipo. Nilimpakia mzee aliyegongwa na gari, mimi na yeye tu, nikamfikisha hospitali moja, sitaitaja. Ndugu zake walifika kabla ya polisi. Wanaona mgeni, shati lina damu, gari liko nje. "Wewe ndiye uliyemgonga." Nilikaa kwenye benchi pale mpaka saa tisa usiku, vijana wanne wamenizunguka, mmoja ameshika funguo zangu. Trafiki alipokuja alimulika bampa kwa tochi, akapitisha kidole kwenye vumbi, akanyamaza. Kilichoniokoa ni mchoma mahindi aliyeona tukio, aliyekuja kwa bodaboda kumjulia hali mzee. Bila yeye ningelala ndani. Tangu siku ile sipakii bila watu wawili wa pale pale: mmoja wa kumshika mgonjwa, mmoja wa kuwa shahidi. Wakikataa wote kupanda, ujue nao wanaogopa hichohicho, na usiondoke mpaka umempigia polisi na kumwambia unampeleka nani wapi.

Ukifika dirishani jitambulishe mapema: "Mimi mpita njia, nimemtoa mahali fulani, saa fulani, polisi wana taarifa." Utaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Wa dharura anapaswa kuanza kutibiwa fomu ikifuatiliwa, kwa hiyo dai hilo kwa upole, huku mwenzako akienda kituoni. Upande wa Kenya una silaha nzito zaidi, Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Za glavu na dripu unaweza kujikuta unatoa wewe. Ukitoa, chukua risiti. Na akifia njiani, usimshushe popote na usirudi ulikotoka. Endelea hadi hospitali au kituo cha polisi, shahidi wako akiwa garini.

Muda: usiku mzima, wakati mwingine na siku ya pili. Viti: maji baridi na sabuni mapema, kamwe si ya moto, maana ya moto yanaigandisha damu kwenye kitambaa.

Inamfaa mwenye gari linalolaza mtu, anayeijua njia, aliye karibu na hospitali kuliko ilivyo ambulansi, na mwenye watu wa kupanda naye.

Kwa hiyo ufanye lipi?

Usiku, peke yako, hakuna watu: pita, simama penye taa, piga simu, kisha rudi na watu au na polisi kama unaweza. Mwanamke anayesafiri peke yake nisingemshauri zaidi ya hapo.

Mchana, mko watatu: simama. Gawaneni kabla hamjashuka, mmoja kwenye kona na pembetatu, mmoja kwenye simu, mmoja kwa majeruhi. Mkishuka bila kugawana, wote watatu mtamwendea majeruhi.

Basi limepinduka, majeruhi kumi: usimpakie wa kwanza anayekukimbilia. Anayepiga kelele anapumua. Zunguka utafute aliyenyamaza, na anayetoka damu nyingi. Wanaotembea wapande lori au basi lililosimama.

Damu haikomi hata kwa kukandamiza, na mji uko kilomita 15: pakia, anayekandamiza apande naye na asitoe mkono.

Una haraka kweli, msiba au mgonjwa wako mwenyewe garini: pita, lakini simu ile ya dakika mbili unaidaiwa.

Vifaa vyangu nilikuwa naviweka kwenye buti, mpaka nilipoona Noah iliyogongwa nyuma ikifunguliwa kwa mtaimbo. Sasa khanga mbili kuukuu na glavu ziko chini ya kiti cha abiria, pembetatu nyuma ya kiti changu.